Uvira na Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika: Historia ya Awali ya Mpaka, 1858–1910

1. Utangulizi

Historia za mwanzo za wilaya za mipakani huandikwa kwa desturi moja karibu kila mahali. Nchini Marekani, kwa mfano, historia ya kaunti huanza na mlowezi wa kwanza, kinu cha kwanza na kanisa la kwanza, kana kwamba nchi ilikuwa imelala ikisubiri kuamshwa. Mwaka 1893 mwanahistoria Frederick Jackson Turner aliipa desturi hiyo sura ya nadharia aliposoma makala yake mjini Chicago. Alidai kwamba taifa la Marekani liliumbwa na mpaka uliokuwa ukisogea kuelekea magharibi: nyuma yake makazi na sheria, mbele yake ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu.

Katika mwaka huohuo wa 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalikuwa yakipigana na wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu katika nchi ya Maniema, na matokeo ya vita hivyo yalikuwa yaamue nani atatawala ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Hapo nako palikuwa na mpaka, lakini haukuwa wa aina aliyoieleza Turner. Mbele yake hapakuwa na ardhi tupu, na waliousogeza hawakuwa walowezi wa taifa moja. Tena, kabla mpaka huo haujawekewa bendera wala ngome, ulikuwa umekwisha kuwekwa kwa maneno: kwa majina ya nchi, kwa majibu ya wenyeji, na kwa tafsiri za wakalimani.

Makala haya yanaeleza historia hiyo ya awali kwa kuichukua Uvira na kingo za Mto Ruzizi kuwa mfano. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa historia ya mwanzo ya mpaka huu ni historia ya mazungumzo, na kwamba Kiswahili kilikuwa chombo kikuu cha mazungumzo hayo. Kwa hiyo, anayezitumia kumbukumbu za karne ya 19 bila ya kuuliza zimepitia vinywa vingapi hujiweka katika hatari ya kukosea. Kosa hilo si dogo, kwani katika eneo hili swali la nani alitangulia kufika limekuwa na matokeo mazito kwa maisha ya watu.

2. Nchi na wenyeji wake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, kutoka kaskazini hadi kusini. Katika ncha yake ya kaskazini huingia Mto Ruzizi, unaoteremka kutoka Ziwa Kivu kwa mwinuko wa karibu mita 1,460 hadi kwenye usawa wa Tanganyika, ulio kama mita 770 juu ya bahari. Mto huo hupita katika bonde pana lenye joto. Upande wa magharibi wa bonde na wa ziwa milima ya Mitumba huinuka ghafla, hata baadhi ya sehemu za ufuko huwa ukanda mwembamba tu kati ya maji na mlima. Uvira imekaa katika ukanda huo, karibu na pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa.

Ufuko wenyewe ulikuwa nchi ya Wavira, ambao hujiita Bavira. Kaskazini yao, katika vilima na sehemu ya bonde, walikaa Wafuliiru. Kusini yao, kuelekea rasi ya Ubwari na milima ya Itombwe, walikuwapo Wabembe. Na ng'ambo ya Ruzizi kulikuwa na nchi za Warundi. Watawala wa Bavira na wa Bafuliiru walijulikana kwa cheo cha mwami, ingawa wasafiri wa karne ya 19 wameandika "sultani", neno walilolizoea kutoka pwani.

Simulizi za Wavira na za Wafuliiru huelekeza asili ya koo zao za kitawala upande wa magharibi wa milima, kwenye Mto Ulindi, ambao katika simulizi huitwa Lwindi. Kwa maneno mengine, hata wenyeji wenyewe huanza historia yao kwa safari. Jambo hili linalingana na maelezo ya Igor Kopytoff katika kitabu alichokihariri mwaka 1987 kuhusu mpaka wa Kiafrika. Kwa maoni yake, jamii nyingi za Afrika zilizaliwa katika nafasi zilizokuwa kati ya dola kubwa, pale vikundi vya watu vilipohama, vikakaa, na kuwapokea wengine waliofuata. Katika jamii kama hizo ukoo uliotangulia huwa na heshima ya pekee juu ya ardhi na matambiko yake, hata pale wageni waliofuata wanapotwaa utawala. Hivyo neno "mwenyeji" halimaanishi mtu asiyetoka popote. Linamaanisha mtu ambaye kukaa kwake kumekubaliwa na waliomtangulia.

3. Uvira katika biashara ya ziwa

Wafanyabiashara wa pwani walifika Ujiji karibu mwaka 1840, baada ya kuwa wamekwisha kujijenga Unyanyembe. Hawakuikuta nchi isiyojua biashara. Chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki wakavu, majembe na nguo za magome ya miti vilikuwa vikivushwa kwa mitumbwi kutoka ufuko hadi ufuko. Walichokiongeza watu wa pwani ni mahitaji mapya ya pembe za ndovu na watumwa, na malipo mapya ya nguo za pamba, shanga na, baadaye, bunduki.

Richard Burton, aliyefika Uvira mwaka 1858, anaieleza kuwa bohari kuu ya kaskazini ya watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma, mahali penye bei nafuu ambapo katika msimu wake karibu kila siku mitumbwi iliingia kutafuta bidhaa au chakula. Aliongeza kuwa ndicho kituo cha mwisho cha kaskazini ambacho wafanyabiashara walikuwa wameruhusiwa kukifikia hadi wakati huo.

Neno "kuruhusiwa" linastahili kutiliwa maanani. Linaonyesha kwamba mwisho wa njia haukuwekwa na jangwa wala na uchovu wa wapagazi. Uliwekwa na watu: na watawala wa Uvira, waliofaidika kwa kuwa soko la mwisho, na watu wa mbele yao, ambao hawakuwa tayari kufungua njia. Kwa mtazamo wa Ujiji, Uvira ilikuwa ukingo wa dunia inayojulikana. Kwa mtazamo wa Uvira yenyewe ilikuwa mlango, na mlango una mwenyewe.

4. Siku tisa za mwaka 1858

Burton na mwenzake John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Walikuwa wagonjwa wote wawili. Speke alikuwa haoni vizuri na Burton hakuweza kutembea. Lengo lao lilikuwa kutafuta chanzo cha Mto Naili, na habari za mto mkubwa katika ncha ya kaskazini ya ziwa ziliwapa tumaini. Ikiwa mto huo ulikuwa ukitoka ziwani na kuelekea kaskazini, basi huenda Tanganyika ndilo lililokuwa chemchemi ya Naili.

Mwezi Machi Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na ufuko wa magharibi, kuomba jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Jahazi hakulipata, ila alirudi na habari kwamba sheikh alikuwa amethibitisha kuwapo kwa mto unaotoka ziwani upande wa kaskazini. Mwezi Aprili wasafiri hao wawili waliondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, wakiongozwa na Kannena, mkuu wa Kawele, aliyewatoza malipo makubwa. Walifika Uvira tarehe 26 Aprili 1858.

Huko walitembelewa na wana watatu wa mtawala wa nchi, ambaye Burton amemwandika kwa jina la Maruta. Wana hao waliulizwa habari za Ruzizi. Jibu lao lilikuwa wazi, na watu wote waliokuwapo waliliunga mkono: mto unaingia ziwani, hautoki. Mwisho wa ziwa ulikuwa mwendo usiofikia siku mbili tu kutoka hapo, lakini Kannena na wapiga kasia wake walikataa kata kata kusonga mbele kwa kuwahofu watu wa kaskazini. Baada ya siku tisa, tarehe 6 Mei, mitumbwi iligeuzwa kurudi Ujiji.

Katika mazungumzo hayohayo ya Uvira mambo mengine mawili yalifichuka. Mkalimani Sidi Mubarak Bombay alieleza kwamba Speke hakuwa amemwelewa Sheikh Hamed sawasawa: sheikh alikuwa amezungumza juu ya mto unaoingia ziwani. Naye Sayfu, ambaye huko Ujiji alijidai kuwa ameuona kwa macho yake mto ukitoka ziwani, sasa alikubali kwamba hajapata kupita mbele ya Uvira.

5. Mto unatoka au unaingia?

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama sehemu ya ugomvi wa Burton na Speke. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, kina somo jingine. Bombay alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Uhindini, na akarudi Afrika baada ya kupata uhuru. Yeye na Speke walizungumza kwa Kihindustani, kwa kuwa Speke hakujua Kiarabu na Kiswahili chake kilikuwa haba. Kwa hiyo habari za Kasenge zilitoka kwa Mwarabu wa pwani, zikapita kwa Myao, zikageuzwa kuwa lugha ya Uhindini, kisha zikaandikwa kwa Kiingereza.

Mfano mdogo wa kisarufi unatosha kuonyesha jinsi njia ndefu ya namna hiyo inavyoweza kupindua mto. Katika Kiswahili kiambishi tamati -ni cha mahali hakionyeshi mwelekeo. "Ziwani" huweza kuwa mahali mtu alipo, anapokwenda au anapotoka. Kinachoamua ni kitenzi. Na kitenzi chenyewe huweza kuwa na sura mbili. Mtu akisema "mto unatokea ziwani", msikilizaji mmoja ataelewa kwamba chanzo chake ni ziwa, na mwingine ataelewa kwamba unajitokeza hapo ziwani baada ya kupita milimani. Wazungumzaji wanaolifahamu jambo linalosemwa hawakosani, kwa sababu ujuzi wao wa nchi huondoa utata. Msikilizaji asiyeijua nchi, na ambaye ana shauku ya kusikia jibu la aina moja, huchukua maana anayoitaka.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba utata huo ulikwisha Uvira. Wana wa Maruta hawakuwa wakibahatisha. Walikuwa wakikaa mwendo wa siku mbili kutoka kwenye mdomo wa mto huo, na maji ya ziwa lao yalikuwa njia ya biashara yao. Hata hivyo, Burton, aliyelisikia jibu lao na kuliandika, baadaye aliliweka kando. Mwaka 1864, katika kitabu alichokitoa kuhusu bonde la Naili, alitetea tena uwezekano wa Tanganyika kutoa maji kuelekea kaskazini. Speke alikuwa amekufa kwa risasi ya bunduki yake tarehe 15 Septemba mwaka huo, siku moja kabla ya mjadala uliotarajiwa kati yao katika mji wa Bath. Mabingwa wa London walijadiliana kwa miaka 13 juu ya jambo ambalo Uvira lilikuwa limekwisha kujibiwa.

6. Jibu lilelile, mwaka 1871

Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, wote wawili walikubaliana kwenda kulimaliza swali hilo. Safari yao ya mtumbwi katika ncha ya kaskazini ilifanyika Novemba na Desemba, nayo ilichukua siku 28. Bombay alikuwamo tena, safari hii katika msafara wa Stanley. Walipokelewa na watawala wawili ndugu, Mukamba na Ruhinga. Huyu wa pili alikuwa na makazi yake Mugihewa, kwenye matawi ya mdomo wa Ruzizi. Walipouingiza mtumbwi mtoni waliona mkondo ukiwasukuma kurudi ziwani. Mto ulikuwa ukiingia.

Katika vitabu vingi safari hii huhesabiwa kuwa "uvumbuzi". Ilivyo hasa, ilikuwa uthibitisho wa kauli ya mwaka 1858, na hata safari hii maelezo yaliyo mengi yalitolewa na wenyeji. Ruhinga aliwaeleza wageni wake kwamba Ruzizi hutokea upande wa ziwa liitwalo Kivo, akawatajia pia mito inayoingia ndani yake. Mzungu wa kwanza kufika kwenye Ziwa Kivu alikuwa von Götzen, mwaka 1894. Hivyo jina la ziwa hilo lilikuwa limeandikwa katika madaftari ya Ulaya miaka 23 kabla ya Mzungu yeyote kuliona, kwa sababu mtawala mmoja wa mdomo wa Ruzizi aliulizwa naye akajibu.

Mahali pa kutokea maji ya Tanganyika palifahamika kwa wasafiri wa Ulaya mwaka 1874, Verney Lovett Cameron alipoutambua Mto Lukuga kwenye ufuko wa magharibi. Maji ya Ruzizi, basi, hayaendi Misri. Huingia Tanganyika, hutoka kwa Lukuga, na kupitia Lualaba huufikia Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki.

7. Waungwana, Wamanyema na Rumaliza

Kati ya 1871 na 1894 mpaka wa biashara uligeuka kuwa mpaka wa nguvu. Mohamed bin Khalfan wa ukoo wa Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijijenga Ujiji akiwa mshirika wa Tippu Tip, na katika miaka ya 1880 watu wake walipanua mamlaka katika fuko za kaskazini na magharibi. Jina lake la utani, ambalo hufasiriwa kwa kitenzi "kumaliza", limebaki katika kumbukumbu za watu wa ziwa kama jina la kutisha. Upande wa Burundi majeshi yake yalizuiwa na Mwami Mwezi Gisabo, na ushindi huo huhesabiwa hadi leo miongoni mwa sifa za ufalme ule. Upande wa Uvira milima ilikuwa karibu na maji mno, na vijiji vya ufukoni vilikuwa wazi kwa mtumbwi wowote uliokuja na bunduki.

Wamisionari wa Afrika, waliofahamika kama Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879 na kujaribu kufungua vituo kaskazini. Mwaka 1881 watatu kati ya watu wao waliuawa Rumonge, kwenye ufuko wa mashariki. Kituo cha Mulweba katika nchi ya Masanze, kusini ya Uvira, hakikudumu, na kazi ikahamia Kibanga, karibu na Ubwari. Katika miaka hiyo hakuna aliyeweza kudai kuwa mtawala pekee wa ufuko.

Ni katika kipindi hiki ambapo Kiswahili kilipata wazungumzaji wa kudumu kaskazini ya ziwa. Wengi wao hawakuwa watu wa pwani. Walikuwa wapagazi, askari, wapiga kasia, wake na watumwa waliotoka Maniema na kwingineko, ambao katika misafara walijifunza lugha, mavazi na mara nyingi dini ya mabwana zao. Walijiita Waungwana, neno ambalo pwani lilimtofautisha mtu huru na mtumwa. Bara lilitumiwa na watu ambao baadhi yao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, kwa hiyo lilibeba madai zaidi ya hali halisi: kulisema kulikuwa ni kujitoa katika unyonge. Kutokana nalo Wazungu waliita Kiswahili cha Kongo "Kingwana".

Johannes Fabian, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 1986, amesisitiza kwamba Kiswahili cha Katanga kilistawi hasa chini ya utawala wa kikoloni na kazi za migodini. Hoja hiyo haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye ufuko wa Tanganyika. Hapa lugha iliitangulia serikali. Ofisa wa kwanza wa Dola Huru alipotua Uvira aliwakuta watu wa kumtafsiria waliokuwa wakizungumza Kiswahili kabla yeye hajazaliwa kisiasa katika nchi hiyo. Lakini ikumbukwe pia kwamba lugha hiyo ilifika pamoja na minyororo. Kuusahau ukweli mmoja kati ya hiyo miwili ni kuipotosha historia yake.

8. Mstari wa ramani

Mwezi Agosti 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza mipaka yake. Kaskazini ya Tanganyika mpaka ulielezwa kuwa mstari mnyofu kutoka ncha ya ziwa hadi mahali ambapo longitudo ya digrii 30 mashariki hukutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Mstari huo ulipita mashariki ya Ruzizi na kukata nchi za Burundi na Rwanda, ambazo waliouchora hawakuwa wamezikanyaga. Wajerumani, walioanzisha ngome ya Usumbura mwaka 1897, walidai badala yake mpaka wa maji, yaani Ruzizi na Ziwa Kivu.

Vita vya 1892 hadi 1894 vilikuwa vimekwisha kuvunja nguvu za Rumaliza, naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Dola Huru ikaweka vituo vyake Uvira na kwenye bonde la Ruzizi, lakini utawala wake haukudumu. Mwezi Februari 1897 askari wa msafara wa Baron Dhanis, ambao wengi wao walikuwa Watetela, waliasi huko Ndirfi, mbali kaskazini. Waliteremka kusini kwa kufuata bonde la maziwa, na vituo vya Dola Huru vya Ruzizi na Kivu vikaanguka. Kapteni Bethe wa Usumbura aliitumia nafasi hiyo kuwaweka watu wake katika eneo lililokuwa likigombaniwa. Wabelgiji waliporudi na nguvu mpya chini ya Hecq, maofisa hao wawili walitia saini mapatano ya muda tarehe 23 Novemba 1899: Wajerumani wabaki katika eneo hilo hadi serikali zao zitakapoamua, na Dola Huru iwe na vituo vidogo vya kuonyesha kwamba haijaacha dai lake. Uamuzi ulifikiwa Brussels mwaka 1910, ambapo Ruzizi na Kivu zilikubaliwa kuwa mpaka.

Kwa Wavira, Wafuliiru na Warundi wa bondeni mto ule haukuwa umetenganisha watu kwa namna hiyo kabla. Ulikuwa na vivuko, masoko na ndoa pande zote mbili. Pia katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika fuko za Tanganyika, na serikali za kikoloni ziliwahamisha watu kutoka sehemu zilizoathirika. Ofisa aliyefika baadaye na kuandika kwamba ardhi fulani ilikuwa "tupu" alikuwa akiandika habari ya mwaka wake tu. Utupu wa mpakani mara nyingi una historia: ni jina linalopewa mahali baada ya watu kuondolewa.

9. Ushahidi wa jina

Jina lenyewe la Uvira ni mabaki ya historia hii. Watu wa misafara walizitaja nchi za bara kwa utaratibu wa ngeli za Kiswahili: Uvira, Wavira, Kivira, Ujiji, Wajiji, Kijiji, Urundi, Warundi, Kirundi. Lugha nyingi za Maziwa Makuu hutumia bu- na ba- pale Kiswahili kinapotumia u- na wa-. Wasafiri wa Ulaya waliyaandika majina kama walivyoyasikia kwa viongozi wao, si kama yalivyotamkwa na wenye nchi. Kwa njia hiyo ramani ya kikoloni ya Afrika ya kati iliandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa sarufi ya Kiswahili. Buganda ililipa koloni zima jina la Uganda. Burundi iliitwa Urundi hadi uhuru.

Mwaka 1962 mji wa Usumbura, ulio ng'ambo ya ncha ya ziwa, uliitwa Bujumbura. Uvira haikubadilishwa. Miji hiyo miwili hutazamana juu ya maji yaleyale, mmoja umerudishiwa kiambishi cha wenyeji na mwingine umebaki na umbo lililozoeleka katika vinywa vya wapagazi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, jina hilo halisikiki kuwa la kigeni. Wageni wa jana wamekuwa lugha ya nyumbani.

10. Hitimisho

Mpaka wa kaskazini ya Tanganyika haukusogea juu ya ardhi isiyo na watu, na haukufunguliwa na mtu mmoja shujaa. Ulizuiwa na kuruhusiwa na watawala wa ufukoni, ukaelezwa na wana wa Maruta na Ruhinga, ukatafsiriwa na Bombay, ukatiwa hofu na Rumaliza, na mwishowe ukachorwa na maofisa wawili waliokuwa wakisubiri barua kutoka Ulaya. Katika kila hatua kauli ilitangulia kitendo.

Fundisho lake ni la utaratibu wa kazi. Katika Uvira na milima inayoizunguka, hoja za kizazi hiki juu ya nani mwenyeji na nani mgeni zimejengwa mara nyingi juu ya kurasa za wasafiri: huyu alitajwa mwaka fulani, yule hakutajwa. Hoja hizo zimegharimu maisha ya watu wengi tangu miaka ya 1960. Lakini msafiri wa mwaka 1858 hakupanda milimani. Alikaa ufukoni siku tisa, mgonjwa, akiuliza habari za mto. Kutotajwa katika daftari lake hakuthibitishi kutokuwapo, wala kutajwa si hati ya kumiliki ardhi. Daftari hilo linathibitisha jambo moja dogo na la hakika: kwamba watu wa Uvira waliulizwa juu ya nchi yao wakajibu kweli, na kwamba aliyewauliza alichelewa kuwaamini.

Simulizi za Bavira, za Bafuliiru, za Babembe na za majirani zao wote bado zinaweza kukusanywa kwa lugha zao wenyewe, zikaandikwa pamoja na majina ya lugha zilizopitia na wakalimani waliozibeba. Kazi hiyo ni ya idara za lugha sawasawa na ilivyo ya idara za historia, kwa maana ndani ya kumbukumbu za mpaka huu mwelekeo mzima wa mto uliwahi kutegemea kitenzi kimoja.